Kisigino cha Kushoto

Mvua ya sehemu ya tano ni mchele kilo moja,
naupepeta kwenye ungo, polepole, jirani na kipaza sauti.
Mvua ya kweli ikija tunasimama:
bati la Kiusa halijui kunong'ona.

Studio ni stoo, nyuma ya duka la vipuri la Temu,
kuta tumezivika magodoro na trei za mayai.
Kisu kinachozama mbavuni ni kabichi.
Baadaye tuliila na maharage,
marehemu mwenyewe akaomba aongezewe.

Kitabu ni cha zamani, jalada limeliwa na mchwa,
mpelelezi wake anavuta kiko kurasa mia mbili.
Elifuraha anayemwigiza, mhasibu wa ushirika,
ana pumu. Kiko tukakifuta,
tukampa karanga: kila akifikiri, anamenya.
Sasa wasikilizaji wanajua, ganda likivunjika
kuna mtu amesema uongo.

Mimi kazi yangu ni miguu.
Mjane anavaa kandambili. Daktari, buti za kaka yangu.
Muuaji hakuwa na viatu mpaka Alhamisi
nilipovuta sanduku uvunguni
nikatoa vile vyeusi vya mama, vya kanisani,
cha kushoto kisigino kimebadilishwa
na fundi aliyeacha msumari umechungulia.
Ko, ti. Ko, ti.
Hatua nne, mlangoni hadi mezani,
juu ya ubao wa mninga niliouazima kwa seremala.
Mwongozaji akavua visikilizio:
"Hiyo. Hiyo hapo inatisha."

Baba sikumwambia.
Baba, aliyelinda kiwanda cha kukobolea kahawa miaka thelathini na mmoja,
akimtambua mwizi kwa anavyokanyaga makapi;
sasa macho yamefunga ukungu, yuko Kibosho, redio kifuani,
na kila Jumapili saa tatu usiku anamaliza kesi kabla yetu.
"Aliyewahi kulia ndiye."
"Huyo dereva hana gari. Sikiliza, hizo ni funguo za kabati."
Kweli zilikuwa za kabati.

Jumapili hiyo nilikaa naye jikoni.
Mchele ukanyesha. Ganda likavunjika.
Mlango ukalia (ni wa banda letu la mbuzi, niliurekodi Krismasi).
Ko, ti.
Ko, ti.

Baba akaacha kutafuna.
Moto wa mafiga ulikuwa wa kweli, nikausikia wote.
Mpelelezi akataja alibaki nani, saa ngapi, treni ipi,
mama mwenye duka akakiri huku akilia,
muziki, majina yetu, tangazo la dawa ya mende.

"Umemjua?"
"Nani?"
"Muuaji."
Akapapasa redio, akaizima, akaiwasha, akaizima.
"Huyo sikumfuatilia.
Ndeshi alikuwa akiingia hivyo, akitoka kwaya,
asituamshe. Akidhani hatumsikii."

Halafu, kama askari anayeandika maelezo:
"Viatu viko wapi?"
Mjini, nikasema. Stoo.
Ndani ya mfuko wa rambo ulioandikwa MUUAJI.
Alicheka mpaka akapaliwa,
nikampa maji, akayashika tu.

Sehemu ya mwisho tunarekodi kesho.
Mhalifu yuko mahabusu, kitabu kinasema,
hatembei tena popote.
Nimemwomba anayetuandikia
amtoroshe.