Nyumba ya Kambare

Zdislav kalileta tangi la kioo mwezi wa kwanza,
theluji imefika dirisha la chumba cha baiskeli
na lifti, kama desturi yake, imegoma.
Ghorofa saba, kila ghorofa kituo,
mapafu yake yakilia kama bawaba ya kabati.
Nikamwambia: mzee, si ungenunua kasuku?
Hakujibu. Aliyechimba makaa ya Ostrava miaka thelathini na mmoja
hujifunza kutoponza pumzi kwa maneno.

Juu akaweka samaki wa neoni,
kundi zima hugeuka pamoja, kama shati linalokung'utwa.
Katikati, wawili wa madaha, mapezi yao mapazia.
Na chini kabisa kambare sita wa deraya,
hakuna anayezidi kidole changu cha shahada,
wote wana sharubu.

Wasema wasemao: nyumba ya kambare,
baba ana ndevu, mama ana ndevu, mtoto ana ndevu,
nani atamheshimu nani?
Mimi nimekaa mbele ya nyumba hiyo
majira mawili ya baridi, nikifuma soksi.
Sijaona hata mmoja akimsukuma mwenzake.

Radim wa dukani alisema hawa hawana gharama,
watakula kinachowadondokea.
Zdislav akamtazama
vile alivyokuwa akimtazama msimamizi wa zamu.
"Kinachodondoka," akasema, "hakimshibishi mtu."
Tangu hapo, taa ikizimwa na wa juu wakisinzia,
huzamisha vidonge vitatu,
Jumapili minyoo ya barafu.
Aliye chini naye ana sahani yake.

Kosa lilikuwa changarawe,
na changarawe niliichagua mimi:
nyeusi, kali, iliafikiana na zulia.
Mwezi haukuisha, sharubu zikawa vigutu,
zimelika kama vidole vya baba mkwe.
Alfajiri akanikuta bafuni
naosha mchanga wa mto, laini kama unga wa ngano,
ndoo ya tisa.
Hakusema kitu. Akashika mpini upande wa pili.

Sasa wanazamisha nyuso hadi machoni,
mchanga unatokea mashavuni kama moshi,
kisha wanainuka na kukonyeza.
Naam, wanakonyeza. Usiniulize wanamkonyeza nani.

Kuna jambo sijamwambia.
Mara mmoja wao huacha kila kitu,
hupaa wima hadi usoni mwa maji,
humeza funda moja la hewa,
na povu halijapasuka, keshafika chini.
Radim asema ni maumbile, utumbo wao hujua kupumua.
Mimi huona ubao wa langoni mgodini,
vibao vya shaba, kila mtu na namba yake,
kilichorudi msumarini na ambacho hakijarudi,
nasi wake tumesimama, supu zinapoa.
Chake kilikuwa elfu nne mia moja kumi na saba.
Novemba ile kilirudi saa tisa za usiku.
Kibao cha jirani yetu Oldřich hakikurudi.

Basi nahesabu.
Kapanda mmoja, karudi. Kapanda wa pili.
Siendi kitandani kabla ya wa sita.

Juzi mvua ya baridi ilinyesha mchana kutwa,
Zdislav akabadilisha robo ya maji,
akatia mapya yenye ubaridi kidogo.
Kulipokucha mayai yameganda kiooni,
karibu na kipimajoto, meupe, kama punje za sago,
na jike bado anabeba mengine
katikati ya mapezi ya tumbo, kama mtu na chumvi kiganjani.

Leo ilikuwa siku ya kufuta kioo.
Kafuta pande tatu. Wa nne
kakizungusha kitambaa pembeni mwa kiraka kile,
kama anayefuta meza
bila kumwamsha aliyelalia kiwiko juu yake.
Kisha akaketi, akahema, akavua miwani.

"Wamepanda wote?" akauliza.

Kumbe.

"Watano," nikasema. "Ngoja."