Stakabadhi ya Penseli

Zunilda, nimekuona kwenye televisheni ya kinyozi,
suti ya kijivu, kiti cha katikati.
Kinyozi akasitisha mashine kichwani mwa mteja,
akauliza: huyu si yule namba sita
aliyecheza fainali goti limefungwa kitambaa cha jikoni?
Ndiye, nikamwambia.
Kitambaa kilikuwa changu.

Wanakuita rais wa shirikisho.
Mimi nauza chipa kituo cha mabasi, hapa Asunción,
na mikono iliyodaka penalti tatu siku ile kule Encarnación
siku hizi hudaka sarafu zinazorushwa madirishani.
Silalamiki. Nahesabu tu.

Unakumbuka jezi?
Zilitufikia zimekwisha kuvaliwa na wanaume,
kwapa zimepauka, mikono yake mifupi
ikitushuka chini ya viwiko,
na mgongoni herufi tatu za jina la mtu
ambaye hatukupata kumjua.
Posho ilikuwa nauli ya kwenda.
Ya kurudi, Mungu na dereva.

Mhasibu Hermenegildo alitutandikia karatasi:
saini hapa, binti, kwa penseli,
kiasi nitajaza baadaye.
Tukasaini. Tulikuwa na miaka kumi na tisa,
tungesaini hata kuuza pafu moja
mradi tusimame mstari mmoja wimbo wa taifa ukipigwa.

Nasikia wiki yako ya kwanza hukupokea simu.
Ulishuka ghalani, kwenye masanduku yaliyoonjwa na mchwa,
ukatoka na chafya
na stakabadhi mia mbili na kumi.
Jina lako limo. Langu limo.
Kiasi kilichokaa mbele ya jina langu
nimekijua jana, pale pale kwa kinyozi, ulipokisoma.
Nilicheka. Kisha nikaomba kiti.
Ningalijua kwamba nilikuwa tajiri hivyo
ningalimzika mama katika jeneza lenye vishikio.

Mezani walikuwa wanaume kumi na wawili na kiyoyozi.
Mmoja akasema: soko.
Wa pili akasema subira huvuta heri.
(Tumevuta, mheshimiwa. Viganja vimechubuka.)
Wa tatu, tumbo likimtangulia,
akasema wanawake hawajazi uwanja,
naye ndiye mwenye ufunguo wa uwanja,
na siku zetu lango lilifunguliwa moja, la nyuma, kwenye majani.

Hukupiga meza. Nakujua,
hata refa alipokuonea ulimrudishia mpira mkononi.
Ulijaza pembe ya terere, ukamimina maji ya barafu,
ukaipitisha, mrija mmoja, midomo kumi na mitatu,
kama tunavyofanya nchi nzima tangu babu za babu.
Hakuna aliyeuliza nani anywe nusu.

Kura saba kwa sita.
Ya saba aliinua mzee Aparicio wa Chaco
bila kueleza chochote.
Watu wanasema ana binti.
Watu husema hivyo kila mara,
kana kwamba haki haiwezi kuingia nyumbani kwa mtu
mpaka izaliwe humo.

Basi kuanzia Januari wasichana watalipwa sawa na wavulana,
mechi kwa mechi, guarani kwa guarani.
Jana basi lao lilisimama hapa. Kipa wao,
kijana mrefu, kucha fupi, alinunua chipa nne,
akaniachia chenji.
Nilimtazama vidole. Alinitazama vidole.
Dereva akapiga honi.

Yetu haitarudi, najua, hukudanganya.
Ila umesema jambo ambalo kinyozi hakulielewa:
wino wa Hermenegildo umechujuka, tarakimu zinasomwa kwa kukisia,
penseli zetu hazijafifia hata kidogo.
Nimelala na neno hilo.

Halafu, Zunilda, kile kitambaa,
cheupe chenye maua mekundu pembeni.
Kilikuwa cha mama.
Ukikikuta katika masanduku yako,
nirudishie.