Mia Nne na Kumi na Mbili

Daftari hili ni la mizani ya kiwandani, Lugazi.
Mbele, tani za miwa, lori kwa lori.
Nyuma, kwa kalamu nyekundu, mipira ya Onencan
iliyovuka uzio.

Nilikuwa mwokotaji. Cheo hicho hakina jezi.
Mipira ilikuwa minne tu, na mchezo ulisimama
hadi nitoke shambani, shingo imechanjwa na majani ya miwa.
Kwa hiyo msiniulize kama alikuwa na nguvu.
Mimi umbali wake niliutambaa.

Kocha Mutyaba alimcheka siku ya kwanza:
"Ndiyo kushika gongo huko? Huyu anakata miwa!"
Kweli, alikuwa akikata, miaka mitatu nyuma ya babake,
mstari kwa mstari, panga likianzia kiunoni.
Kocha akamnyoosha miguu, akampandisha kiwiko.
Kiuno hakukigusa.

Halafu ndege. Halafu ligi ya ng'ambo, ya mshahara,
jina mgongoni likikosa herufi moja,
nami zamu ya usiku, sikio kwenye simu, nikiandika:
thelathini. Arobaini na nane. Hamsini na tisa
kwa msimu mmoja, na huko hakuna aliyewahi kufika.
Mwaka huohuo, mara mia na sabini na tatu alipiga hewa.
Hizo pia nimeziandika. Sukari haitoki bila makapi.

Goti lilipokataa akarudi, mzito, akichechemea,
akaketi juu ya gunia pale dirishani pangu.
"Ngapi?"
"Mia nne na kumi na moja."
"Na ule wa jioni ile, kabla ya safari?"

Ule. Niliwaambia umetoka nje ya mstari.
Haukutoka. Ulipita juu yangu ukivuma kama nyuki,
na giza lilikuwa linaingia, nami nilikuwa nimechoka
kuwa yule anayefuata.

Akanyamaza. Akachomoa mfukoni donge jeusi:
wakataji waliuona shamba lilipochomwa,
ngozi imeungua, uzi mwekundu bado umeshika.
Babake aliutunza miaka kumi na minne
ndani ya kopo la maziwa ya unga.

Tukauweka juu ya mizani ya malori.
Sindano haikutikisika.

Nikaitafuta kalamu nyekundu.