Lala Kifudifudi

Dawa ilitua Entebbe alfajiri
ikakwama Kibuye, nyuma ya lori la ndizi.
Ndani ya kikopo chake cha risasi
haikujua foleni:
kila baada ya masaa sita nusu yake hufa,
kisha nusu ya nusu,
kama mshahara.

Ilipofika Mulago nilikuwa na wagonjwa wanne
na mashine moja yenye vichwa viwili
vinavyokizunguka kifua polepole, bila kusema,
kama wakwe wanaokagua ng'ombe wa mahari.

Swali langu lilikuwa dogo, swali la daftari:
tupige vipi?
Vituo thelathini na viwili, au sitini na vinne?
Sekunde ishirini kila kituo, au kumi na tano,
maana dawa haingoji?
Mgonjwa alale chali, mikono kichwani kama aliyekamatwa,
au kifudifudi, shavu kwenye shuka?
Chali, alisema Daktari Kyambadde.
Chali, kilisema kitabu cha mashine.
Nikasema tupige kotekote, tuone.

Opolot, fundi baiskeli wa Kumi:
moyo wake ulitoka mviringo, mzima,
chali vile, kifudifudi vilevile.
Niliandika: hakuna tofauti. Nusu saa imeliwa.

Wa pili alikohoa kwenye kituo cha kumi na tisa.
Moyo ukatoka na kuta mbili,
kama mtu aliyepigwa picha akikimbia.
Nikafuta. Nikaanza upya.
Dawa ikaendelea kufa.

Wa tatu Nalwoga, muuza vitenge wa Owino.
Chali, ukuta wa chini wa moyo wake ulikuwa mweusi.
Kyambadde akavaa miwani, akavua, akavaa.
"Hapa pamekufa," akasema,
akavuta karatasi aandike barua ya upasuaji.
Nilimwomba dakika kumi tu.
Mama, geuka.
"Nilale kama mtoto?"
Kama mtoto.
Akageuka huku akicheka, akaniuliza
kama mashine inaona na madeni.

Kiwambo kikashuka. Moyo ukaegemea mbavu.
Na pale peusi, kituo baada ya kituo,
pakaanza kuwaka, rangi ya ndizi mbivu.
Halikuwa kovu.
Ulikuwa mwili wake mwenyewe
umesimama kwenye mwanga wake.
Kyambadde aliikunja barua mara nne
akaitia mfukoni, wala hatukusemezana.

Basi nilimgeuza Byamukama
kwa furaha ya mtu aliyeshinda hoja.
Mwalimu mstaafu, Bushenyi, soksi zimeshonwa vizuri.
Chali: peusi, chini, palepale pa Nalwoga.
Kifudifudi: peusi.
Nikaongeza sekunde. Nikarudia vituo vyote,
nikiisihi dawa iliyobaki kama mnong'ono.
Peusi, na kingo zake sasa zimenyooka
kama mstari chini ya kosa.

Usiku nimejaza jedwali.
Njia ya pili, nimeandika, iongezwe kwa kila mwenye kivuli chini;
gharama, dakika kumi.
Ni kweli. Nitaisoma mbele ya wakuu Alhamisi.

Ila bado namsikia, shavu limebonyea kwenye shuka,
sauti ya darasani, ya kungoja jibu:
"Mwanangu, sasa nigeukie upande gani?"
Nikamwambia avae shati.