Mstari wa Tisa

Barua imekuja Jumatatu na pikipiki ya wilaya,
imekunjwa mara nne, vumbi la salfa kwenye mikunjo.
Mtumishi asiyechanjwa kifaduro asiingie wodi ya watoto njiti.
Chini, majina kumi na moja. Mimi mfawidhi, nikusanye saini.

Kumi wamesaini. Wengine hata hawakusoma;
Chinguile aliuliza kama kuna posho.
Mstari wa tisa ni wako, Somoe Namkumba,
mweupe kama shuka tulizokuwa nazo zamani.

Sikukuita ofisini. Nilikufuata kwenye karo,
ukisugua vifaa kwa maji ya kununua, ndoo moja kutwa nzima.
Ukasema bila kugeuka:
"Mwaka ule glavu zilipokwisha
nilizalisha kwa mifuko ya rambo, miezi miwili,
damu za watu zikinifika kiwikoni.
Barua ya kunilinda mimi ilipotelea njia gani?
Leo mkono wangu umekuwa mali ya wilaya.
Sindano siikatai. Nakataa kukamatwa
kama mbuzi wa mnadani.
Mngeniuliza."

Nilikuwa na majibu. Nilifundishwa Mtwara, darasani,
kwamba mgonjwa hakuchagua nani amshike,
kwamba mtoto wa kilo moja na robo
hana miguu ya kutoka nje mtu akikohoa.
Majibu mazuri. Yakanikwama kooni,
maana koo langu lina habari zake.

Julai ya mwaka juzi, watu wakipulizia mikorosho,
nilikohoa wiki tatu. Salfa hiyo, nikasema.
Nani Kitangari hakohoi mwezi wa salfa?
Zamu haikuwa na mtu wa kunipokea,
nikafunga kitenge mdomoni, nikaingia.
Mtoto wa yule mama wa Malatu
alianza kukohoa Alhamisi. Jumapili midomo ikawa buluu.
Tuliandika nimonia.
Huenda ilikuwa nimonia.
Hakuna aliyeniuliza, nami sikujiuliza kwa sauti.
Wewe ndiye uliyemfunga kitambaa, Somoe,
ukaniangalia mara moja,
kisha ukaangalia dirisha.

Bango ukutani linasema kinga ni bora kuliko tiba.
Halisemi kinga ya nani, wala nani anayeilipia.

Sasa kalamu ninayo mimi. Nikiandika "amekataa"
nimesema kweli, na nimekusingizia.
Nikiacha wazi, na mlango nao uko wazi,
na ndani wamelala wanne,
kila mmoja kifuani kwa mama yake, kofia ya sufi kichwani,
wanapumua kama watu wanaoazima hewa.

Nimeandika.
Usinisamehe haraka.

Leo asubuhi ukungu haujainuka bado,
Fadhina, mgeni wa kazi, anatetemeka na mrija wa kulishia.
Nikasikia sauti yako nje ya wavu:
"Usimkabe. Pima kwanza. Puani, sikioni,
shuka hadi chini ya chembe ya moyo.
Hapo. Weka alama.
Sasa taratibu. Anameza, unamwona?"

Miguu yako iko nje ya kizingiti, kama barua inavyotaka.
Barua haikutaja dirisha.
Nililisukuma kidogo, likalia kutu,
nikarudi kwenye karatasi zangu.