Chai ya Wakaguzi

Sera imezinduliwa Dodoma, jalada lake linang'aa.
Fungu letu limepitishwa.
Halijatoka.

Huku Pongwe, Semkiwa analisha chachu yake
kwa sukari ya dukani, kwa daftari la mkopo:
chachu haijui mwaka wa fedha,
ikilala njaa siku mbili, imekufa.

Leo wamekuja wanne kutoka wizarani,
posho zimeshasainiwa,
wanataka stakabadhi ya ile sukari.
Hakuna.

Akawasha jiko. Moto wa buluu,
gesi ya makapi ya mkonge, birika likachemka.
Sukari iliyobaki ya chachu akaimimina yote.

Wakanywa vikombe viwili viwili.
"Chai tamu," akasema mkubwa wao, akifunga faili.
"Na gesi, mnatumia ya kampuni gani?"