Farasi Mia Nne na Sitini

Ilishushwa kwenye lori pale Kizota, jioni ya upepo,
imefunikwa turubai kama bibi harusi asiyetaka kuonwa na vumbi.
Vumbi likaiona.

Mhandisi Kaombwe akanipa funguo na karatasi iliyokunjwa mara nne.
"Chilewa, soma kwanza. Hii siyo Noah."
Nikasoma, grisi ikiwa bado vidoleni:
silinda nane zilizotegeana mgongo kwa herufi V,
ujazo lita tano,
farasi mia nne na sitini kwenye mizunguko elfu saba,
sifuri hadi mia kwa sekunde nne na ushee.

Sekunde nne!
Mimi kupiga chafya tu kunanichukua tatu.

Sechelela, mwanagenzi wangu, akachuchumaa na rula ya shule:
sentimeta kumi na nne, kutoka sakafu hadi tumboni.
"Fundi, tuta la Nkuhungu lina ngapi?"
Hakuna aliyemjibu.

Usukani uko kushoto, anapokaa abiria wetu,
kwa hiyo kulipita lori ni kumwomba jirani akuchungulilie.
Na puani farasi wa bati anakimbia,
hana mpanda, hana hatamu,
wala huku kwetu mwezi wa nane hana majani ya kukimbilia.

Alfajiri ya Jumapili nikaitoa.
Matuta ya mjini niliyapanda mshazari,
kama mzee wa goti bovu ashukavyo ngazi.
Nala ikabaki nyuma. Njia ya Bahi ikanyooka.

Nikakanyaga.

Injini sikuisikia masikioni, niliisikia mbavuni.
Kiti kikanikaba mgongo kama mdai aliyenivizia.
Gia ya pili. Ya tatu. Migunga ikaungana ikawa ukuta.
Nikatupia mshale jicho: themanini.
Nikatabasamu. Themanini ni halali,
hata askari wa tochi atanipungia mkono.

Kisha nikakumbuka huyu ni Mmarekani,
mshale wake unahesabu maili.
Themanini yake ni mia na ishirini na tisa yangu.

Na hapo ndipo punda alipoingia barabarani.

Punda mmoja, madumu manne ya maji.
Nguvu: punda mmoja.
Mizunguko kwa dakika: haijulikani.
Sifuri hadi mia: siku atakayopenda.

Nikaikanyaga ile pedali nyingine,
ambayo karatasi iliitaja mwisho kabisa,
kwa maandishi ya sisimizi, baada ya spika za redio.
Mkanda ukanikata bega. Tairi zikalia, lami ikanuka.
Na farasi wote, mia nne na sitini,
wakapiga magoti mbele ya punda.
Ikabaki nafasi ya mtu kupita, mikono mfukoni.

Punda hakugeuza hata sikio.

"Mbukwa," akasema kijana mwenye fimbo, kama tumekutana kisimani.
"Mbukwa," nikajibu. Sauti ilinitoka magotini.
Akaitazama boneti ikihema.
"Inabeba madumu mangapi?"
Nikawaza buti. Nikawaza kile kiti cha nyuma,
ambacho mkoba ukikaa, umejaa.
"Mawili," nikasema. "Matatu, ukiyalaza."
Akaisikitikia. Haki ya Mungu, nilimwona akiisikitikia.

Nikarudi kwa hamsini, hamsini ya kwetu,
nikigawanya na kuzidisha njia nzima.

Mchana Kaombwe akaja na miwani mipya.
"Enhe! Ni sekunde nne kweli?"
"Sikuhesabu, Mhandisi."
Akanitazama kama mtu aliyepeleka sherehe kwa kiziwi.

Sechelela alikuwa amefungua daftari la kazi, kalamu mkononi,
akingoja nimtajie zile namba kubwa kubwa.
Nikamwambia aandike tarehe, na chini yake:
breki, nzima.
Apige mstari. Mara mbili.